Mashine Iliyopumzika Nayo Yataka Kutunzwa

Watu wengi hudhani kwamba mashine huharibiwa na kazi tu. Mimi naona sivyo. Injini iliyozimwa na kuachwa miezi mingi yaweza kuharibika kuliko ile ifanyayo kazi kila siku, na adui wake ni maji yaliyoachwa ndani yake.

Wenzetu wa Ulaya walijua jambo hili kwa sababu ya baridi. Maji yagandapo huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na chuma hupasuka. Magari ya mashindano ndiyo yenye hatari zaidi. Viwanja vingi havikubali glaikoli katika rejeta, maana ikimwagika njia huteleza, na gari lifuatalo laweza kuanguka. Basi magari hayo hukimbia kwa maji matupu. Msimu ukiisha, mwenye busara huyamwaga, hutia glaikoli na maji nusu kwa nusu, kisha huwasha injini mpaka dawa ienee kila mahali. Mchanganyiko huo haugandi hata baridi ifikapo digrii 30 chini ya sifuri.

Mtu ataniuliza, "Hayo yatuhusu nini sisi wa Berega?" Kweli, sakitu ni ya Njombe na Makete, wala si yetu. Lakini kutu haingoji baridi. Maji matupu pamoja na hewa hula chuma, na maji ya kisima yenye chokaa huacha ukoko kama ule wa birika, njia zikaziba.

Kijijini kwetu iko mashine ya dizeli ya kusaga mahindi. Masika moja ilifungwa na maji ya kisima yakaachwa ndani. Mavuno yalipofika ikawashwa, ikachemka, na gasketi ikaungua. Kina mama wakajitwika mahindi kwenda kijiji cha mbali, na dada zetu wadogo wakakosa masomo ili kuwasaidia. Hasara ililipwa na wasiokuwa na kosa.

Kwa hiyo natoa shauri juu ya jenereta ya shule yetu, na wazazi wenye matrekta na mashine nao walitafakari. Kabla ya kuifunga, injini ikiisha kupoa kabisa, maji ya zamani yamwagwe, rejeta isafishwe, na itiwe dawa ya kuzuia kutu iliyochanganywa na maji safi ya mvua. Kumwaga maji tu na kuacha hewa hakutoshi kwetu, maana unyevu uliobaki huleta kutu. Tena glaikoli ni tamu lakini ni sumu. Isiachwe karibu na watoto, mbwa au mbuzi, wala isimwagwe mtoni.

Wako watakaosema kwamba dawa ni ghali. Je, gasketi mpya na kazi ya fundi ni bure? Na siku zile za kukaa bila unga, nani azihesabu?

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Naomba wadogo zetu wa Kidato cha Tatu, wakiongozwa na mwalimu wa Fizikia, waishike kazi hii kabla ya likizo ya Desemba, na waandike tarehe katika daftari. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.