Rumonge yatoa mawese, mkate wasubiri majarini ya ng'ambo

Kwa familia za Waswahili wa Rumonge, kama zile za Buyenzi mjini Bujumbura, chai ya asubuhi bila mkate ni nusu chai. Nini kipakwe juu ya mkate huo lilikuwa zamani swali la ladha tu. Leo ni swali la mfuko. Siagi ya maziwa haijawahi kuwa chakula cha wengi kwenye ufuko huu wa Tanganyika. Ni ghali, na pasipo friji wala umeme wa uhakika, joto la ziwani huiyeyusha mapema. Nafasi yake ilishikwa na majarini, ambayo wengi huiita Blue Band hata kama kopo lina jina jingine.

Sasa majarini nayo imeanza kuwakwepa wanunuzi. Hulipiwa kwa fedha za kigeni, na Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa fedha hizo. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola moja ikapanda kutoka kiasi cha faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi, na katika soko la magendo ikaenda mbali zaidi. Uhaba wa mafuta ya magari ukaongeza gharama ya kila katoni inayosafirishwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Indonesia ilizuia kwa majuma kadhaa kuuza nje mafuta ya mawese, na bei za mafuta ya kula zikatikisika duniani kote.

Uamuzi wa Jakarta unamgusa mnywa chai wa Rumonge kwa sababu majarini ya leo kwa kiasi kikubwa ni mawese. Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alipoibuni mwaka 1869, alitumia mafuta ya ng'ombe. Viwanda vya siku hizi hupenda mawese kwa kuwa huganda yenyewe bila joto kali. Na Rumonge, kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, ndiyo mji wa mawese wa Burundi: michikichi imetanda kati ya ziwa na vilima. Kiwandani mawese husafishwa, yakapoteza rangi nyekundu pamoja na karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A; kisha vitamini A hiyo hurudishwa kwa kuongezwa ndani ya kopo. Mlaji hulipia kuondolewa kwake na hulipia kurudishwa kwake.

Mtu angeuliza: kwa nini basi mawese mekundu yasipakwe moja kwa moja? Wapo wanaofanya hivyo, kwa chumvi kidogo, hasa asubuhi za baridi yanapokuwa mazito. Lakini mawese mengi ya wasindikaji wadogo yana ukali kooni. Mikungu ya chikichi huachwa siku kadhaa baada ya kukatwa ili tembe ziachie kwa urahisi, na muda huo ndio unaoleta asidi. Mafuta ya namna hiyo yanafaa sabuni na yanavumilika kwenye maharage, ila juu ya mkate hayajifichi. Chikichi likichemshwa na kukamuliwa mapema, ladha huwa nyororo zaidi. Kwa hiyo kinachokosekana si lazima kiwe kiwanda kikubwa. Pengine ni vinu vya kutosha karibu na mashamba na mnunuzi aliye tayari kulipa zaidi kwa mafuta mabichi yenye asidi ndogo.

Wakati huo ukisubiriwa, parachichi, ambalo wengi hapa huliita avoka, ndilo linaloshinda kwa bei msimu wake ukifika. Likipondwa na chumvi na matone ya limao, ambayo pia hulizuia lisigeuke jeusi upesi, hushibisha kuliko majarini yoyote. Kasoro yake ni msimu, na sasa pia soko la nje: wanunuzi wanaolisafirisha wanaongezeka, jambo jema kwa mkulima na si jema sana kwa mezani. Karanga zilizokaangwa na kusagwa hukaa muda mrefu zaidi na zina protini, mradi zikaushwe vizuri na zilizoota ukungu zitupwe bila huruma, kwani sumu yake haiondoki kwa kukaangwa.

Mawese yenyewe yanadai uvumilivu zaidi. Mchikichi wa aina ya tenera huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na mtu hapandi mti wa namna hiyo kwenye ardhi asiyo na hakika nayo. Rumonge inalijua hilo kuliko sehemu nyingi. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliacha mashamba yakagawiwa wengine, na waliporejea, kesi za ardhi zilijaa hata ndani ya michikichi. Ng'ambo ya mpaka, Kigoma, serikali ya Tanzania imekuwa tangu 2018 ikisukuma kilimo cha chikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora za tenera. Ziwa ni lilelile, na maboti huvuka. Mbegu zinaweza kufuata njia hiyohiyo, iwapo atakayezipanda Rumonge atakuwa na karatasi inayomhakikishia kwamba ni yeye atakayevuna.