Kutafuta Hazina Pamoja na Mtoto

Wazazi wakaao Kibera na Kawangware aghalabu hudhani kwamba mchezo wa kutafuta hazina ni wa watoto wenye bustani. Sivyo. Jina lenyewe la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Miti mingi imekwisha kukatwa, walakini Msitu wa Barabara ya Ngong, uliotengwa mwaka 1932, ungaliko jirani. Ijapokuwa huko haifai baba na mwana kwenda peke yao.

Mtoto wa miaka minne hahitaji dhahabu. Yamtosha kuagizwa vitu vitano: unyoya wa kunguru, kokoto laini, kifuniko cha soda, ganda la mbegu za mjakaranda, na kitu kimoja akipendacho mwenyewe. Hicho cha mwisho ndicho atakachokihangaikia kuliko vyote.

Mzazi mwenye busara hutangulia kupakagua mahali, kwa kuwa vipande vya chupa na nyembe havikosekani vichochoroni. Mtoto na avae viatu. Reli ipitayo Kibera isiwe kiwanja cha kutafutia, wala ukingo wa Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambalo maji yake yamechafuka kwa miaka mingi.

Kosa lililo kubwa ni la mtu mzima ambaye, akifagia jioni, huzitupa hazina hizo pamoja na taka. Asubuhi mtoto huzitafuta asizione, na siku nyingine akiitwa hatoki. Mkebe mtupu wa Kimbo watosha kuzihifadhi, nao usifunguliwe bila idhini yake.