Vijana, Mazingira na Bunge

Katika visiwa vyetu hapana mtu anayehitaji kufundishwa maana ya mazingira. Mvuvi anaijua pale matumbawe yanapokufa, mkulima anaijua pale maji ya chumvi yanapoingia kondeni, na mama anayelima mwani anaijua pale bahari inapopata joto na zao lake likaoza kambani. Swali lililo mbele yetu ni jingine: nani atakayeyafikisha mambo hayo mahali panapotungwa sheria na kugawiwa fedha, na je, vijana wanaoyapigia kelele leo wataweza kuyabeba huko kesho?

Ili kulijibu swali hilo tunaona inafaa tuitazame safari ya kijana mmoja wa Uswidi, Gustav Fridolin. Yeye alizaliwa mwaka 1983 na kukulia Skåne, jimbo la kusini mwa nchi hiyo, ambako kituo cha umeme wa nyuklia cha Barsebäck kilikuwa kikipingwa kwa maandamano ya miaka mingi. Mwaka 1999, akiwa bado mwanafunzi, alichaguliwa kuwa mmoja wa wasemaji wa umoja wa vijana wa Chama cha Kijani, chama kilichoanzishwa mwaka 1981 baada ya kura ya maoni ya nchi nzima juu ya nyuklia. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 19, aliingia Bungeni. Hadi siku hiyo Uswidi haikuwa imepata mbunge mdogo kuliko yeye.

Yapo mambo matatu katika safari hiyo ambayo kwa maoni yetu yanastahili kuzingatiwa.

La kwanza ni kwamba mlango ulikuwa wazi. Katiba ya Uswidi inamruhusu raia wa miaka 18 kugombea ubunge, ilhali Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka mgombea awe ametimiza miaka 21. Hata hivyo umri wa kisheria peke yake hautoshi. Chama chake kilimpa kijana kazi, kikamsikiliza vikaoni, kisha kikaliweka jina lake mahali ambapo lingeweza kushinda. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kiongozi naye hulelewa kabla hajakomaa.

La pili ni kwamba kijana huyo alijua kutoka. Mwaka 2006, baada ya kipindi kimoja, aliacha ubunge kwa hiari yake, akafanya kazi ya uandishi wa habari na ya ualimu katika chuo cha elimu ya watu wazima. Vyuo vya aina hiyo ndivyo vilivyotolewa mfano wakati Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipoanzishwa nchini Tanzania mwaka 1975. Aliporejea Bungeni mwaka 2010, alirejea akiwa amekwisha kula jasho lake nje ya siasa. Kiti cha uwakilishi ni amana, na mwenye amana hana budi kuwa tayari kuirudisha.

La tatu, nalo ni zito zaidi, ni kwamba madaraka yana bei yake. Mwaka 2014 chama chake kiliingia serikalini na yeye akawa Waziri wa Elimu. Katika kampeni alikuwa ameahidi kwamba mwelekeo wa shule ungegeuzwa kwa siku 100. Ahadi ni deni, na deni hilo lilimfuata kwa kejeli za wapinzani muda wote wa uwaziri wake. Mwaka 2015 serikali hiyo ilikaza masharti ya kupokea wakimbizi, kinyume cha yale ambayo Wakijani walikuwa wakiyahubiri. Katika uchaguzi wa 2018 viti vyao vilishuka kutoka 25 hadi 16, na mwaka 2019 Fridolin aliacha uwaziri na uongozi wa chama.

Je, safari hiyo ilikuwa bure? Hatuoni hivyo. Mwaka 2017, Wakijani wakiwa serikalini, Bunge la Uswidi lilipitisha sheria ya tabianchi iliyoanza kutumika Januari 2018, pamoja na lengo kwamba ifikapo mwaka 2045 nchi hiyo isiwe inaongeza gesijoto angani. Iliungwa mkono na vyama vya serikali na vingi vya upinzani pia. Maandamano peke yake yasingeweza kuandika sheria hiyo, lakini bila ya maandamano hayo pengine asingetokea mtu wa kuidai.

Wala mambo haya si ya Ulaya tu. Mwaka huo huo wa 2002 Profesa Wangari Maathai, aliyepigwa na kufungwa kwa kutetea miti na viwanja vya wananchi, alichaguliwa kuwa Mbunge wa Tetu nchini Kenya, kisha akawa Naibu Waziri wa Mazingira. Lakini yeye wakati huo alikuwa na miaka 62. Mwanzake wa Uswidi aliingia akiwa na 19. Tofauti hiyo ya miaka 43 iwatafakarishe wote wenye dhamana ya kufungua milango.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, kabla ya nchi nyingi kubwa. Kwa hiyo uwezo wa kuongoza njia tunao. Tunawaomba watendaji wa Serikali, kijana anapofika ofisini na hesabu ya mikoko iliyokatwa au ya mchanga uliochimbwa, asifukuzwe kwa kuitwa mchochezi. Aulizwe amehesabuje, na hesabu yake ikisimama, apewe nafasi kikaoni. Nao vijana wasitosheke na mabango. Wajifunze kusoma bajeti, kuandika hoja ya sheria na kuahidi kile tu wanachoweza kukilipa.

Bahari haitawangoja wakue, wala haitatungoja sisi tuwaamini.