Hatifungani ya maji Tanga: barua ya wazi kwa CMSA

Kwa Mtendaji Mkuu,
Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilikopa kwa umma: hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Maombi yakazidi lengo, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mliiidhinisha ninyi, na tunawashukuru.

Wapo wanaosema kuzidi lengo kunatosha. Hakutoshi, kwa kuwa lengo lilizidiwa kwa bei ya asilimia 13.5, na bei hiyo imebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni hofu ya kutolipwa, maana deni linalipwa kwa ankara za maji. Wa pili hausemwi sana, nao ni ukosefu wa ukwasi. Mwalimu mstaafu wa Ngamiani akiuguliwa mwaka wa nne, nani atainunua hatifungani yake, na kwa bei gani? Asiyemwona mnunuzi hudai riba kubwa tangu siku ya kwanza. Mifuko mikubwa nayo hupiga hesabu hiyohiyo. Mwaka 2007 watafiti Chen, Lesmond na Wei walichunguza hatifungani zaidi ya 4,000 za kampuni, wakakuta zile ngumu kuuzika huwa na pengo kubwa zaidi la riba juu ya za serikali, hata hatari ya kutolipwa ikishahesabiwa.

Kwa deni la Tanga, kila asilimia moja ya riba ni shilingi milioni 531 kwa mwaka. Wanaozilipa ni wenye mabomba.

Nakuomba uwapunguzie tozo madalali watakaokubali kutangaza kila siku bei ya kununua na ya kuuza hatifungani hii, na kuiheshimu. Bei ya kila mauzo imfikie mwenye hatifungani aliye Pangani kwenye simu yake, kwa Kiswahili. Marekani ilipoanza mwaka 2002 kuweka wazi mauzo ya hatifungani za kampuni, gharama za kuziuza na kuzinunua zilishuka. Na miji mingine ikitaka kukopea maji, ishaurini ikope kwa pamoja, kwani toleo kubwa hupata wanunuzi wengi kuliko vipande vidogovidogo.

Naomba jibu lako liwe la hadharani, kabla mji mwingine haujaleta maombi yake mezani kwako.

Wako,
Mkazi wa Tanga