WITO HAUNUNUI UNGA



Leo twataka kusema juu ya neno moja tulilolisikia mara nyingi mno katika vyumba vya mazungumzo, nalo ni "wito". Tukiuliza habari za vyeo vilivyokwama, twajibiwa kwamba kutibu ni wito. Tukiuliza mkataba wa miezi michache utageuka lini kuwa ajira ya kudumu, twaambiwa tukumbuke sababu iliyotuleta. Haya basi, na tuikumbuke, tuitaje hadharani, maana hao wanaotukumbusha hawaijui.

Sisi ni matabibu wa kazi. Watu hutuchanganya na ndugu zetu wa fiziotherapi, hata wale wanaoandika orodha za wafanyi kazi. Wao huutia mkono nguvu na mwendo. Sisi twauliza mkono huo utafanya nini. Je, utashika kijiko? Utafunga kifungo cha shati? Utasuka kiondo? Mama wa Mbooni aliyepatwa na kiharusi twamfundisha kupika na kuvaa kwa mkono mmoja. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo twamtengenezea kiti aketi wima, ale bila kupaliwa; na mbao zikikosekana twakijenga kwa katoni na gundi ya unga. Mkata mkonge wa Kibwezi aliyepoteza vidole twamtafutia namna ya kushika chombo tena. Kazi hii ilianza kufundishwa Kenya mwaka 1968, huko Nairobi, na hata leo mwalimu wa shule akiulizwa na mwanafunzi ni kazi gani, mara nyingi hana jibu.

Basi ni nani huichagua? Tumewauliza wenzetu, nao wakasema kweli. Mmoja alikuwa na dada asiyeweza kujilisha, majirani wakinong'ona habari za laana. Siku moja akamwona tabibu akizungusha mpira wa baiskeli kwenye mpini wa kijiko mpaka ukawa mnene, dada akakishika, akala. Huyo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwingine baba yake alianguka kutoka juu ya mwembe wakati wa kuchuma, uti wa mgongo ukavunjika, na hakuna aliyemwonyesha mzee yule jinsi ya kujihamisha kutoka kitandani hadi kitini. Mwana akaenda kujifunza mwenyewe. Mwingine alipenda tu kuchonga na kuunganisha vitu. Na mwingine aliomba uuguzi, akapewa nafasi hii asiyoijua hata jina, na leo ndiye wa kwanza kuitwa mtoto mgumu anapoletwa.

Tena karibu wote walitaka mshahara. Twalisema bila haya. Katika nchi ambayo mvua ikikosa misimu miwili ng'ombe huuzwa kwa bei ya mbuzi, mshahara wa mwana mmoja ndio karo ya wadogo zake na maji ya nyumba nzima. Mtu anayemtunza mama yake kwa kazi yake ana sababu njema kama ya yule wa kijiko. Hatukubali wapangwe kwa daraja, huyu mwenye wito juu, huyu mwenye njaa chini.

Wakamba twajua kujitolea. Twajua mwethya. Lakini hata katika mwethya mwenye shamba hupika. Watu hawalimi mpaka jua litue kisha wakaambiwa waende nyumbani na shukrani. Na kesho yake zamu humfikia mwingine, na mwenye shamba wa jana ashike jembe. Wazee wanakumbuka miaka ya 1950, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, jinsi serikali ya kikoloni ilivyolichukua jina la mwethya kwa kazi ya matuta. Sasa twaona wito nao unataka kuchukuliwa vivyo hivyo, jina libaki na chungu kiachwe.

Tangu mwaka 2013 mwajiri wa afya ni kaunti. Mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya matabibu wa kazi, na kwa sheria hiyo hakuna aruhusiwaye kutibu bila kusajiliwa na kupewa leseni. Vizuri, tuliitaka sheria hiyo. Lakini kama sisi ni wataalamu siku ya kulipia leseni, mbona ni watu wa wito siku ya mshahara? Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyi kazi haki ya ujira wa haki. Kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vyake. Nani atavipima vifaa hivyo na kumfundisha kuvitumia? Kitui ilihesabiwa watu 1,136,187 mwaka 2019, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Makueni walikuwa 987,653. Mama abebaye mtoto wa miaka saba mgongoni kutoka Kyuso hauulizi moyo wetu. Auliza kama chumba kimefunguliwa.

Wako wenzetu wanaosema, tukitaja fedha wagonjwa watatuona walafi. Ndugu hao twawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Tumewaona vijana hodari wakiondoka, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa kuwachoka watoto. Walichoka na chumba kisicho na meza, na kupelekwa kuandika kadi mlangoni kwa kuwa "huna kazi leo", na barua ya mkataba isiyofika. Yule wa mwembe amekwisha kwenda zake. Mgonjwa aliyekuwa akija kwake kila juma haji tena, na huo ulafi, kama ni ulafi, ni wa nani?

Kwa hiyo wajumbe wetu wakiingia tena kwenye mazungumzo, na likatajwa neno wito, wasibishane juu yake. Waombe karatasi inayoonyesha nafasi ngapi za matabibu wa kazi zimewekwa katika kila hospitali, ngapi zina watu, na fedha ngapi zimetengwa kwa mabanzi na viti. Kila tawi, kuanzia Mutomo hadi Mtito Andei, limpe katibu majina ya wanaofanya kazi bila barua, na tarehe waliyoanza, kabla ya mwisho wa mwezi huu.