Vipindi visivyosifiwa vina mengi ya kutufunza

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia, hata hivyo, yanayompata mgema asiyesifiwa na mtu. Yamkini tembo lake ni tamu kuliko la mwenzake, ila wanywaji humpita mlangoni wakifuata umati.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kisa kilichonifika kazini, kisa ambacho sioni fahari kukisimulia. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu zoezi la kuchanganua usimulizi katika kazi yoyote ya sanaa waitakayo, iwe riwaya, tamthilia au filamu. Mmoja wao, binti mtulivu aliyezoea kuketi nyuma, aliandika juu ya mfululizo wa vibonzo vya Batman ulioanza kuonyeshwa katika runinga za Marekani tarehe 5 Septemba 1992. Nilinung'unika nilipoona neno vibonzo. Nilinung'unika zaidi nilipogundua kuwa, miongoni mwa vipindi 85 vya mfululizo huo, alikuwa amechagua kimoja ambacho sikuwahi kukisikia kikitajwa. Nilimpa alama za chini, kisha nikaandika pambizoni kwamba afadhali angalichagua kile kilichopata tuzo, maana ubora wake umekwisha kuthibitishwa na wahakiki.

Alikuja ofisini siku ya pili, karatasi mkononi. Hakulalama. Alisema, "Samahani, Mwalimu, naomba kuuliza. Hicho kipindi umekitazama?"

Sikuwa nimekitazama.

Kabla ya kueleza yaliyofuata, yafaa msomaji afahamishwe mfululizo wenyewe. Ulibuniwa na Bruce Timm na Eric Radomski, ukaendelea hadi mwaka wa 1995, na baadaye ukafuatwa na vipindi vingine 24 kati ya 1997 na 1999. Mandhari yake yalichorwa juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, hivi kwamba mji wa Gotham waonekana kama uliozaliwa usiku. Batman mwenyewe hana nguvu za miujiza. Ni tajiri aitwaye Bruce Wayne ambaye wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake akiwa mtoto, naye akala yamini kupambana na wahalifu. Sauti yake ilitolewa na mwigizaji Kevin Conroy, aliyefariki mwaka wa 2022. Kwa sisi tushughulikao na lugha, kazi ya Conroy ni darasa tosha: alimpa tajiri sauti moja na mpiganaji sauti nyingine, na msikilizaji aweza kufumba macho akajua ni nani anenaye.

Vipindi viwili hutajwa kila mfululizo huu unapozungumzwa. Cha kwanza ni "Heart of Ice", kilichoandikwa na Paul Dini, kinachosimulia masaibu ya mwanasayansi Victor Fries na mkewe mgonjwa. Cha pili ni "Robin's Reckoning", ambacho sehemu yake ya kwanza ilitunukiwa tuzo ya Emmy mwaka wa 1993. Sina ugomvi na sifa hizo. Kazi hizo zimezistahili. Ugomvi wangu ni na mazoea yetu ya kudhani kwamba mahali sifa zilipokoma ndipo na ubora ulipokoma.

Kipindi alichokichagua mwanafunzi wangu chaitwa "P.O.V.", yaani mtazamo wa msimulizi. Kilionyeshwa mwaka wa 1992. Askari watatu, Bullock, Montoya na kijana mgeni kazini aitwaye Wilkes, wameshindwa kulinasa genge la wahalifu, nao wanahojiwa mmoja mmoja na mkubwa wao. Bullock anamtwika Batman lawama zote na kujipamba yeye mwenyewe. Lakini wakati mdomo wake unaponena hivyo, picha tunazoziona zinatuonyesha kinyume: yeye ndiye aliyeingia ghalani bila kuwasubiri wenzake. Wilkes hasemi uongo. Anasimulia kwa dhati kwamba Batman ana uwezo usio wa kibinadamu, ilhali picha zinatuonyesha vifaa vya kawaida ambavyo kijana huyo, kwa hofu na mastaajabu, hakuvitambua. Montoya anasimulia alichokiona, basi.

Hapo pana masimulizi ya namna tatu katika muda wa dakika ishirini na kitu: la mwongo, la mkweli aliyekosea, na la mkweli aliyeona sawasawa. Kwa miaka mingi nimehangaika kuwaeleza wanafunzi kwamba kusema uwongo na kusema lisilo kweli ni mambo mawili tofauti, kwamba kosa la Bullock limo katika nia yake na kosa la Wilkes limo katika macho yake. Nimetumia ubao mzima kuchora mishale. Kibonzo hiki kilichotengenezewa watoto kimelifafanua jambo hilo bila hata kulitaja. Isitoshe, anayelifumbua fumbo si Batman. Ni Montoya, baada ya kuviunganisha vijineno vilivyosikika nusu nusu na kung'amua kuwa vinamwelekeza gatini. Shujaa wa kipindi ni mtu aliyesikiliza kwa makini.

Nilipokwisha kukitazama hicho nilitafuta vingine visivyotajwa sana. Naomba kuvieleza viwili.

"Joker's Favor", cha mwaka huo huo wa 1992, ni cha ajabu kwa kuwa chatajwa sana na bado hakijulikani. Hutajwa kwa sababu moja tu: ndimo alimotokea kwa mara ya kwanza Harley Quinn, mhusika ambaye baadaye aliingia katika vitabu vya vibonzo na katika sinema. Lakini kisa chenyewe ni cha mtu mwingine, karani mnyonge aitwaye Charlie Collins. Siku moja, akirudi nyumbani amechoka, anamtukana dereva aliyemkatia njia. Dereva huyo ni Joker, adui mkubwa wa Batman. Mdomo uliponza kichwa. Charlie anaomba asiuawe, naye Joker anamwachilia kwa sharti kwamba siku yoyote atakapomhitaji, sharti aje amfanyie hisani. Charlie anahama mji na kubadili jina. Baada ya miaka miwili simu inalia.

Na hisani yenyewe ni nini? Ni kufungua mlango tu, ili keki iingizwe ukumbini katika karamu ya kumuenzi Kamishna Gordon. Mtu ameishi na hofu miaka miwili kwa ajili ya kufungua mlango! Mwishoni Charlie anamkabili Joker kichochoroni akiwa na bomu mkononi, anamwambia kwamba hatapata kifo cha fahari mikononi mwa Batman. Atakufa mikononi mwa mtu asiye na jina. Joker, ambaye hamwogopi mtu, anaingiwa na woga na kumwita Batman aje amwokoe. Bomu lenyewe ni la mzaha, lakini woga ulikuwa wa kweli. Sijaona maelezo bora zaidi ya namna dhalimu anavyotegemea ukimya wa wanyonge, na ya anavyosinyaa pindi mnyonge mmoja anapoacha kutetemeka. Wanaokitazama kwa ajili ya Harley Quinn pekee hulipita jambo hili bila kuliona.

Cha pili ni "It's Never Too Late", nacho pia ni cha 1992. Hakina adui aliyejipaka rangi usoni wala mitambo ya kuangamiza ulimwengu. Kina mzee, Arnold Stromwell, aliyetajirika kwa biashara ya dawa za kulevya, ambaye mwanawe ametoweka. Anadhani mpinzani wake amemteka. Batman anamwongoza hadi kituo cha kuwatibu waraibu, na humo anamwona mwanawe kitandani, ameharibiwa na bidhaa ile ile aliyoiuza babake. Nduguye Stromwell ni padri ambaye utotoni alipoteza mguu mmoja alipokuwa akimwokoa Arnold katika njia ya reli. Hatimaye mzee huyo anavunjika moyo mikononi mwa nduguye, naye anakubali kukiri. Silaha kubwa ya Batman humo ni maneno. Mwalimu yeyote aliyepata kuketi na mzazi wa mwanafunzi aliyetumbukia katika ulevi ataelewa ninachosema.

Kwa nini basi vipindi kama hivi havivumi? Sababu moja ni kwamba watu huvipanga vipindi kwa kumtazama adui: hiki ni cha Joker, kile ni cha fulani. Kipindi ambacho kiini chake ni karani, askari wa kawaida au mzee mwenye majuto hakina mahali pa kuwekwa katika mpangilio huo. Sababu ya pili ni kwamba shujaa husogea pembeni. Tumezoea kuamini kwamba anayebeba jina la kazi ndiye anayebeba maana yake.

Haya hayahusu runinga peke yake. Mwalimu mwenzangu, tazama tunavyofundisha vitabu teule. Mwanafunzi wetu hununua mwongozo kabla hajakifungua kitabu chenyewe, pengine bila nia ya kukifungua kamwe. Mwongozo unamwambia nani mhusika mkuu, nani mhusika mdogo, sura ipi yenye dhamira na ipi ya kupitiwa haraka. Anakariri, anafaulu, anaingia chuo kikuu akiwa hajawahi hata mara moja kukipenda kitabu ambacho hakuambiwa akipende. Halafu sisi wahadhiri twashangaa kwamba insha mia moja zasema jambo moja.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba silabasi ni ndefu, vipindi vya masomo ni vichache, na mtihani hauulizi mapenzi ya mtu. Nakubali. Nitaambiwa pia kwamba si kila kilichosahaulika kimedhulumiwa. Hilo nalo ni kweli tupu; katika vipindi 85 vya mfululizo huu vimo vilivyo hafifu, na kusahauliwa ndiyo haki yao. Sisemi kwamba kila tembo lisilosifiwa ni tamu. Nasema tuonje kabla ya kutoa hukumu.

Jambo hili halihitaji fedha wala kamati. Mwalimu aweza kutenga somo moja tu katika muhula, awaambie wanafunzi wake: kila mmoja achague sura au mhusika ambaye mwongozo umempitia kwa mistari miwili, atueleze kwa nini anadhani kapunjwa. Atakayeshindwa kututhibitishia atakuwa amejifunza kwamba madai yahitaji ushahidi. Atakayefaulu atakuwa amesoma kwa macho yake mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza. Nami tangu kisa kile nimejiwekea sharti: siweki alama kwa insha juu ya kazi ambayo sijaisoma au kuitazama.

Nirejee kwa binti yule. Nilipomaliza kukitazama kipindi chake niliisoma upya insha yake. Yote niliyoyaeleza hapo juu kuhusu Bullock na Wilkes alikuwa ameyasema, tena kwa uketo zaidi. Nilimtafuta nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Nikaandika barua kuomba alama zake zisahihishwe, lakini nilikuwa nimezichelewesha siku nyingi mno na matokeo yalikuwa yamekwisha kuidhinishwa. Alihitimu na alama nilizompa mimi.

Aliniambia haidhuru. Mimi naona yadhuru. Katika rekodi zake pana hukumu ya mtu ambaye hakutazama, na mtu huyo ni mwalimu wake.