Mtungi Utundikwe, Jiki Ipande Juu

Mimi ni fundi wa mabomba kati ya Ruiru na Thika, kwa hivyo magoti yangu yanajua chini ya sinki za watu wengi. Iwe Kimbo au Makongeni, nakuta vitu vilevile: jiki, dawa ya choo, sabuni ya maji ndani ya chupa ya soda, na waya wa kusugulia sufuria ukiota kutu kwenye simiti iliyolowa.

Wenye nyumba ndio nawalaumu kwanza. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike 2012, ghorofa Ruiru zinaota kila uchao, vigae vinang'aa, lakini kando ya sinki hakuna hata rafu ya kuweka kipande cha sabuni. Mpangaji afanye nini? Anasukumia kila kitu chini, pale pale mtoto anayetambaa hufika kabla ya mamake.

Rafu ikikosekana, vikapu vya kutundika vya dukani si lazima. Kiwanda cha mafuta ya kupikia cha Bidco kiko hapa hapa Thika, na mtungi mtupu wa mafuta wa lita 5 haukosi nyumbani. Uoshe kwa maji moto na sabuni mpaka utelezi uishe. Kata dirisha pana ubavuni, mkono usiuguse, maana ndio wa kutundikia. Pasha msumari moto, utoboe matundu kwenye kitako ili maji yachuruzike. Sponji isiyokauka hunuka na kufuga bakteria. Ukingo uupitishe kisu cha moto, la sivyo utakukata vidole vikiwa na povu. Ufunge kwenye vyuma vya dirisha, utie sponji, brashi, waya na sabuni.

Jiki isiingie humo. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Kwa bedsita yenye dirisha moja, utakimbilia wapi? Kila moja ikae kivyake, ndani ya chupa yake ya dukani, juu kabisa. Na sabuni ihame kutoka kwenye chupa ya soda: mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini soda anaijua.

Najua najikatia riziki. Nyuzi za waya uliochakaa huteleza hadi kwenye kona ya bomba, zikashika mafuta ya nyama na punje za wali, nami nikapigiwa simu Jumapili. Lakini mwenye nyumba atakayeniita safari nyingine, pamoja na bei ya kuzibua nitampigia na hesabu ya rafu.